Picha za Lwakhakha: Bure Ipi Tunayoitaka?

Mtu akifika Lwakhakha, iwe ametokea Bungoma kwa njia ya Chwele na Sirisia, au ametokea Mbale kwa ile barabara ya lami ya Bumbobi, hatakosa kuona kibanda cha mpiga picha. Mji wenyewe si mkubwa. Mto Lwakhakha unaoshuka kutoka Mlima Elgon ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Upande huu wako Wabukusu, upande wa pili wako ndugu zao Wagisu, au Wamasaba kama wanavyojiita, na watu huvuka kwa sababu ya mahindi, nguo, arusi na misiba. Katika hayo yote kazi ya picha haikosi mteja. Mtoto anaingia shule: picha. Mzee amefariki: picha. Mwaka wa tohara umefika, nao kwa pande zote mbili za mto huwa mwaka shufwa: picha juu ya picha.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya chombo kinachoshika kazi baada ya kamera kumaliza yake, yaani programu ya kompyuta ya kutengenezea picha. (Hapa kwetu neno programu lina maana mbili, kwa kuwa kijitabu cha mazishi nacho huitwa programu. Mimi nasema ile ya kompyuta, ingawa moja ndiyo huizaa nyingine.) Vijana wenye studio wameniuliza mara nyingi: "Mzee, tutumie ya bure au ya kulipia?" Nami huwarudishia swali: hiyo uliyo nayo sasa ni ipi kati ya hizo mbili? Hapo macho huinama. Si ya bure, wala hakuna aliyeilipia. Ni Photoshop iliyovunjwa kufuli, imekuja kutoka mjini ndani ya flashi, ikanakiliwa duka hadi duka, na hakuna ajuaye aliyeivunja ni nani wala alipoivunja aliacha nini ndani yake.

Maoni yangu ni kwamba ubishi wa bure na kulipia hauwezi kuanza sawasawa maadamu hii ya tatu imekaa mezani. Ndiyo inayoifanya ya kulipia ionekane ghali kupita kiasi, na ndiyo inayoifanya ya bure ionekane duni. Nani atahangaika kujifunza kitu kipya wakati anacho kile cha wakubwa, tena hakikumgharimu senti?

Tuanze na bei, maana ndipo penye maumivu. Photoshop ilianzishwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ikaingia sokoni mwaka 1990 mikononi mwa kampuni ya Adobe. Kwa miaka zaidi ya ishirini mtu aliinunua mara moja, kama anavyonunua jembe. Mwaka 2013 kampuni ilitangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena kwa njia hiyo, bali yatakodishwa. Kwa anayejifunga kwa mwaka mzima, kodi ya Photoshop peke yake imekuwa kama dola 23 kwa mwezi. Sasa piga hesabu. Januari 2024, dola moja ilipokaribia shilingi 160 za Kenya, hizo zilikuwa shilingi 3,680. Miezi michache baadaye shilingi ilipata nguvu, dola ikarudi kwenye 130 hivi, na kodi ile ile ikawa shilingi 2,990. Mwenye kibanda hakuongeza kazi wala hakuipunguza. Bei yake ilipanda na kushuka kwa mambo yaliyoamuliwa mbali sana na Lwakhakha. Tuseme anauza seti ya picha za pasipoti kwa shilingi 100. Wateja thelathini wa kwanza wa kila mwezi ni wa Adobe. Baada ya hao ndipo aje mwenye nyumba, na stima, na wino, na karatasi, na mwisho kabisa watoto wake.

Zamani kulikuwa na kisingizio kwamba hata mwenye fedha hakuwa na njia ya kulipa, kwa kuwa alitakiwa kuwa na kadi ya benki. Kisingizio hicho kimepungua kwa upande wa Kenya tangu Juni 2022, Safaricom na Visa walipoleta namna ya kulipa ng'ambo kwa M-Pesa. Lakini mwenye kukodi na asome mkataba kwanza. Juni 2024 Serikali ya Marekani yenyewe iliishtaki Adobe, ikidai kwamba kampuni iliwaficha wateja ada wanayotozwa wakivunja mkataba wa mwaka kabla ya wakati wake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya kukodi nayo, siku ukikosa kodi, unavuliwa.

Hata hivyo nisiwadanganye wasomaji. Photoshop ni chombo bora. Mtu ambaye kazi yake yote ni matangazo makubwa na vitabu vya matbaa, na anayelipwa kwa kiwango hicho, hana sababu ya kulalamika juu ya dola 23. Ninayemsema mimi ni yule wa kibanda cha mabati chenye kompyuta moja iliyotumika tayari na watu wawili kabla yake.

Huyo ndiye anayeumizwa zaidi na programu ya wizi. Tangu mwaka 2018 kuna kirusi cha kompyuta kiitwacho STOP, au Djvu, ambacho njia yake kuu ya kusafiri ni hizo hizo programu zilizovunjwa na vifunguo vyake vya bandia. Kikiingia hakiibi picha, kinazifunga. Faili linabaki mahali pake, jina lake limeongezwa herufi ngeni, halifunguki. Kisha inatokea barua ikidai dola 980, au nusu yake kwa atakayelipa ndani ya saa 72. Kuna studio moja ya hapa mpakani, ambayo sitaitaja, iliyopotewa hivyo na kazi ya miaka minne. Kamera iliweza kupiga tena picha za shule. Lakini kulikuwa na familia iliyokuja kutafuta picha ya marehemu babu yao, kuka kama wasemavyo Wabukusu, wapate kuiweka juu ya kaburi. Mzee yule alipigwa picha nzuri mara moja tu maishani, na ilikuwa humo. Kijana wa studio aliwaonyesha jina la faili. Hakuwa na kingine cha kuwaonyesha.

Iko pia sheria, nayo ina makali pande zote mbili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta pamoja na maandishi, na sheria hiyo hiyo inazilinda picha. Kila msimu wa tohara nasikia wapiga picha wakilia kwamba mwanasiasa fulani au mwenye ukurasa fulani wa Facebook amechukua picha zao bila kuomba wala kutaja jina. Wanalia kwa haki. Ila sijui wataendaje mbele ya hakimu kudai hakimiliki ya picha iliyotengenezwa kwa chombo cha wizi, na wakili wa upande wa pili asiulize habari za leseni.

Basi tuje kwenye ile ya bure. Inayofahamika zaidi ni GIMP, iliyoanzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa watu mwaka uliofuata. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Nimeketi nayo mwenyewe mbele ya kompyuta ya zamani, nikachukua kazi zinazoingia studio ya Lwakhakha. Kukata picha ya pasipoti na kubadili pazia la nyuma: inafanya. Kuziba mpasuko katika picha kuukuu iliyokunjwa mara nne na kukaa sandukuni: inafanya vizuri sana, kwa kunakili ngozi iliyo salama na kuipaka juu ya ufa. Halafu ile kazi ngumu ya Agosti. Kijana anatoka mtoni alfajiri, amepakwa tope mwili mzima, kuna ukungu, watu wanakimbia na kuimba, na mwanga ni hafifu. Picha kama hiyo hutoka kiza kitupu. Kuuinua mwanga wa uso bila kuliharibu tope ni kazi ya subira, na GIMP iliniwezesha. Mafaili ya Photoshop pia inayafungua, ingawa si yote hufunguka bila dosari.

Ila zake zipo. Vifungo vyake viko mahali pengine, na fundi aliyezoea Photoshop atapotea wiki mbili tatu akitafuta. Jambo kubwa zaidi ni kwamba hutengenezi picha moja kwa moja katika rangi nne za wino wa matbaa, lazima uzunguke. Kwa kijitabu cha mazishi kinachochapwa kwa printa ya dukani hilo halina uzito. Kwa bango la maelfu ya nakala linalokwenda kwenye matbaa kubwa, lina uzito, ingawa Krita na Scribus, ambazo nazo hazilipiwi, zinazijua rangi hizo.

Hapa ningependa tusaidiwe na Kiswahili chetu. Waingereza wana neno moja kwa mambo mawili. Sisi tuna neno bure na tuna neno huru. Photopea, aliyoibuni Ivan Kutskir na kuitoa mwaka 2013, ni ya bure: inafunguka ndani ya kivinjari, inalipwa na matangazo, na picha ya mteja haiondoki kwenye kompyuta yako. Nzuri sana kwa mwenye bando dogo. Affinity ilikuwa ya kuuzwa. Canva ikainunua kampuni yake mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikaitoa bure. Tushukuru, lakini tukumbuke kwamba mwenye nyumba aliyekusamehe kodi mwaka huu bado ni mwenye nyumba. GIMP ni bure na tena ni huru. Leseni yake inampa mtu yeyote ruhusa ya kuinakili, kumpa jirani, kuifungua ndani na kuibadili. Ile flashi inayopita duka hadi duka, ikibeba GIMP, haibebi kosa lolote. Na uhuru huo si maneno matupu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na hawakumpigia mtu magoti Marekani, kwa sababu leseni ilikwisha kuwaruhusu.

Wako watakaosema bila Photoshop picha haipendezi. Hao nawakumbusha Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993. Tangu miaka ya 1960 katika studio yake alikuwa akiunganisha picha kwa mkono, akimweka mtu ndani ya ua, na leo kazi zake zinaandikwa vitabuni na wataalamu wa Ulaya. Kompyuta hakuwa nayo. Alikuwa na mkasi, chumba cha giza na jicho lake. Vijana wetu wana jicho. Wanachokosa ni mtu wa kuwaketisha wiki tatu na kuwafundisha.

Kwa hiyo neno langu linakwenda Bungoma, kwa Serikali ya Kaunti. Tangu Katiba ya 2010 vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Mwanafunzi anayefundishwa kwa programu ya wizi anahitimu akiwa na ujuzi asioweza kuufungulia duka kihalali. Anayefundishwa kwa programu huru anaondoka na chombo chake mfukoni siku ya mtihani, hata kama babake hana ng'ombe wa kuuza. Nimeambiwa na mwalimu mmoja kwamba waajiri wa Nairobi wanauliza Photoshop. Ni kweli wanauliza. Lakini aliyekwisha kuelewa matabaka ya picha, vivuli na mizani ya rangi atahamia Photoshop kwa siku chache, na mwajiri huyo ndiye atakayeilipia. Na wangapi kati ya wanaohitimu huku mpakani wataajiriwa Nairobi?

Zipo kazi ambazo programu ya kulipia inafaa, na uchaguzi wa Agosti 2027 utazileta kwa wingi: mabango, kofia, kanga za wagombea, kazi za matbaa zinazodai rangi nne sawasawa. Atakayeipata kazi hiyo akodi Photoshop kwa mwezi mmoja au miwili, kwa ule mpango wa mwezi kwa mwezi ambao bei yake iko juu lakini haukufungi mwaka mzima, na gharama hiyo aiandike kwenye bei anayompa mgombea kabla ya kupokea malipo ya kwanza.