Mambo ya Nyumbani: Chupa Ndogo na Rangi ya Motokaa

Mwalimu mmoja wa bara ametuandikia barua, naye auliza hivi: Dawa hizi mpya zinazouzwa katika vichupa vidogo, ziitwazo seramiki, ambazo hupakwa juu ya rangi ya motokaa ili isiharibike, je, zafanya kazi kweli, au ni maneno ya wauzaji tu? Asema ya kuwa amenunua motokaa kuukuu kwa mkopo wa chama cha ushirika, wala hapendi kuiona ikichakaa kabla deni halijaisha. Swali lake limetukuta tukiwa na jawabu, maana sisi wenyewe tuliijaribu dawa hiyo hapa nyumbani Tanga tangu Januari 2025, na jawabu hilo tulilinunua kwa fedha zetu.

Motokaa yetu ilitengenezwa Japani mwaka 2004, rangi yake ni buluu iliyokoza. Imechukua maharusi wawili, wagonjwa wengi, na magunia ya nazi yasiyo na hesabu. Banda hatuna, kwa hiyo ililala chini ya mwarobaini. Chini ya mwarobaini kuna kivuli kizuri, lakini juu yake kuna kunguru. (Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa asili ya nchi hii. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, na tangu hapo wamejifanya wenyeji wa pwani yote, bila adabu ya wenyeji.) Tena upepo wa bahari huleta chumvi, na jua la kaskazi halihurumii kitu. Hata ilipofika mwisho wa mwaka 2024, paa la motokaa likaanza kufanya mabaka meupe yenye magamba, mfano wa ngozi ya mtu mwenye choa.

Wakati huohuo binti yetu alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, masomo yaanze Oktoba 2025. Tukafanya shauri: tuiuze motokaa hii, tununue iliyo ndogo, na fedha itakayobaki iwe ada. Lakini nani atatoa bei nzuri kwa motokaa yenye choa? Ndipo tulipokwenda dukani, na mwenye duka akatuonyesha kichupa cha mililita 30, hakizidi chupa ya dawa ya macho mara tatu. Akasema dawa hii italiponya paa, itadumu miaka 5, nayo ni ngumu kwa kipimo cha 9H, hata mawe hayaikwaruzi. Bei yake ilikuwa sawa na magunia mawili ya mkaa. Mama watoto alisikiliza yote, kisha akanena neno moja tu: "Mkaa twaujua kazi yake." Tukanunua dawa.

Sasa, ili msomaji apate kufahamu yaliyotokea, yafaa ajue rangi ya motokaa ni kitu gani. Zamani ilikuwa jambo la taabu kubwa. Motokaa ya Ford ya aina ya T, tangu mwaka 1914 hata 1925, iliuzwa nyeusi tu, na kwa viwanda vingi kazi ya kupaka rangi na kuikausha ilichukua majuma. Mwaka 1923 ikatoka rangi ya Duco ya kampuni ya DuPont, iliyokauka upesi, nayo ikapakwa kwenye motokaa za Oakland za mwaka 1924, rangi ya buluu. Motokaa za siku hizi zina tabaka kadhaa: chini kabisa praima, juu yake rangi yenyewe, na juu ya rangi vanishi isiyo na rangi, ing'aayo kama kioo. Zote pamoja unene wake ni kama mikroni 100 hata 150, yaani yapata karatasi mbili za gazeti. Vanishi peke yake haifiki hata karatasi moja. Miali ya jua isiyoonekana huivunjavunja mwaka baada ya mwaka, na ikisha kufa huwa nyeupe kama unga, kisha hupasuka na kubanduka. Magamba ya paa letu yalikuwa vanishi iliyokufa.

Na dawa yenyewe? Ni maji yenye asili ya silika, ndugu ya mchanga na kioo, yaliyochanganywa na kimiminika kirukacho upesi. Ikipakwa hukauka kwa unyevu wa hewa na kuishika vanishi kwa nguvu kuliko nta. Lakini unene wake ni kama mikroni 1 au 2 tu. Tuliposoma hayo tulicheka kidogo, tukikumbuka maneno ya mawe. Tena ile 9H ni kipimo cha penseli: mafundi wa rangi husukuma penseli zilizochongwa juu ya rangi, kuanzia laini hata ngumu, wapate kuona ni ipi itakayokwaruza, na 9H ndiyo penseli iliyo ngumu kupita zote katika kipimo hicho. Basi kushinda penseli ni sifa, lakini mchanga wa barabara ya Pangani si penseli.

Tukaazimu kuijaribu kwa haki. Tuliosha motokaa, tukaipitishia ule udongo laini wa kuondolea uchafu uliong'ang'ania, tukaifuta kwa spiriti ili mafuta yote yatoke. Kisha tukagawa boneti katikati kwa utepe wa karatasi. Upande wa kushoto tukaupaka dawa. Upande wa kulia tukaupaka nta ya zamani, iliyo na nta ya karnauba itokayo katika majani ya mnazi wa mwitu wa kaskazini-mashariki ya Brazili. Nta hiyo babu zetu wa gereji waliitumia, na mkebe wake bei yake haikufika hata nusu gunia la mkaa. Milango tukaipaka dawa, na paa, ambalo ndilo lililotupeleka dukani, tukalipaka dawa pia.

Hapo tulikosea jambo, nasi twalisema ili mwingine asikosee. Karatasi ya maelezo ilisema: paka kidogo, ngoja dakika moja au zaidi, kisha futa. Maelezo hayo yaliandikwa na mtu asiyeijua Tanga ya Januari. Katika joto lile na unyevu ule, dawa ilishika kabla hatujahesabu nusu dakika. Kijana wetu alikuwa akimaliza mlango mzima kabla ya kufuta, na alipofuta hakukufutika. Ikabaki michirizi yenye rangi za upinde wa mvua, migumu kama kioo, wala sabuni wala spiriti haikuitoa. Ilitulazimu kuisugua kwa polishi siku mbili. Yafaa kufanya kazi hii alfajiri, kivulini, kipande kisichozidi upana wa mikono miwili, na mtu wa pili awe nyuma na kitambaa kikavu.

Asubuhi yake tulitoka nje, tukastaajabu. Motokaa iling'aa. Na paa, wapenzi, paa lilikuwa kama jipya! Weupe wote ulizama, buluu ikarudi. Tulimwita mama watoto atazame. Akatazama, akaligusa kwa kidole, asiseme kitu.

Juma la kwanza la Februari akaja mnunuzi, mzee wa makamo mwenye duka la vyakula. Alizunguka motokaa mara tatu, akapitisha kiganja juu ya paa, akasema, "Rangi yake imetunzwa." Bei tuliyoitaja hakuipunguza sana. Akaahidi kuleta fedha Ijumaa. Usiku ule, tulipokuwa tukila, mama watoto akatuuliza sisi tunaoandika: "Baba, mgeni umemweleza habari ya paa?" Tukajibu kwamba hakuuliza. Naye hakusema zaidi, akaendelea kuwamenyea watoto samaki. Hatukulala vizuri.

Kulipokucha tukampigia simu, tukamwomba aje tena. Alipofika tukamwonyesha ukingo wa paa karibu na kioo cha mbele, tukakwangua kwa ukucha, gamba likatoka. Tukamwambia yote, hata jina la dawa. Mzee yule alitutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima mambo mawili, kisha akashukuru, akaenda zake. Ijumaa hakuja.

Mwezi wa Machi ulipokuwa ukiisha, masika yakaanza, na hapo majaribio yetu yakapata mwalimu wake. Juu ya boneti, upande wa dawa, maji yalijikusanya kama shanga na kukimbia, na tope likashuka pamoja nayo. Upande wa nta ulifanya vivyo hivyo kwa majuma yapata sita, kisha maji yakaanza kulala bapa. Upande wa dawa haukulala hata mwezi wa Julai. Kuosha kulikuwa kwepesi kwa nusu ya kazi, na hilo si jambo dogo katika nyumba ambayo maji huchotwa. Hilo ndilo jema la dawa hii, nasi twalishuhudia bila kusita.

Lakini yako mengine. Maji ya kisima chetu yana chumvi na chokaa. Zile shanga nzuri zikikaukia juani, kila moja huacha duara jeupe mahali pake, na upande wa dawa madoa hayo yalikuwa mengi kuliko upande wa nta. Hivyo motokaa iliyopakwa dawa hii isiachwe ikauke yenyewe, sharti ifutwe. Kunguru nao hawakusoma karatasi ya maelezo. Kinyesi kilichokaa tangu Jumamosi mchana hata Jumatatu kiliacha alama pande zote mbili. Upande wa dawa alama ilikuwa hafifu, ila ilikuwapo. Mawe madogo ya barabarani yaliipiga dawa kama yanavyopiga kila kitu.

Na paa je? Kabla ya Aprili kwisha, magamba yalirudi yote, na mengine yakabanduka makubwa kama kucha ya dole gumba, dawa ikiwa imeshikamana nayo vizuri sana. Dawa ilishika vanishi, lakini vanishi haikushika rangi. Kilichokufa hakikupona, kilivishwa nguo tu kwa majuma kumi.

Mwezi wa Agosti yule mzee alirudi, safari hii akiwa na fundi wake wa rangi. Hakututajia neno la Februari. Fundi alikagua, akataja gharama za paa: kusugua hata rangi yote mbovu iishe, praima, rangi, vanishi mpya. Gharama zikakatwa katika bei, na motokaa ikaenda. Katika ada tulipungukiwa kiasi cha muhula mmoja, nasi hata sasa tunakitafuta, na mbuzi wawili wameanza kututazama kwa mashaka.

Basi, mwalimu, kama vanishi ya motokaa yako ingali hai, yaani ukiilowesha na isipolowa hakuna tofauti kubwa ya rangi, dawa hii yaweza kukufaa, na kazi ya kuosha itapungua. Kama imekwisha kuwa nyeupe, peleka fedha kwa fundi wa rangi, si kwa mwenye kichupa. Kwa vyovyote, osha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, maana mchanga ulio katika ndoo moja ndio uchorao rangi. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo. Kinyesi cha ndege kitoe siku ileile, kwa kitambaa chenye maji, bila kusugua kikavu.

Na jambo la mwisho. Tulitumia chupa isifike nusu, tukaifunga na kuiweka kabatini, tukidhani tutaipaka tena boneti mwezi wa Juni. Tulipoifungua ilikuwa imeganda yote ndani, ngumu, kwa sababu hewa yenye unyevu ilikwisha kuingia siku ile ya kwanza. Ukinunua, tafuta jirani mwenye motokaa, mgawane bei, mkaipake zote mbili asubuhi moja.