Damu ilitoka Yambuku, jina likabaki: Profesa Muyembe, magazeti ya udaktari na sisi wa Uvira

Wengi hapa Uvira tulianza kusikia sana jina la Profesa Jean-Jacques Muyembe mwaka wa 2019. Mwezi wa saba Rais Tshisekedi alimuweka kuongoza mapambano ya Ebola, na mwezi wa nane ugonjwa ukafika Mwenga, katika jimbo letu la Kivu ya Kusini. Tulimujua kama muzee wa chanjo na wa kunawa mikono. Kumbe alikuwa katika habari ya Ebola tangu siku za kwanza, ila kwa miaka mingi walioiandika walimuruka.

Mwaka wa 1976 alikuwa kijana aliyerudi kutoka Ubelgiji na shahada ya udaktari katika mambo ya virusi. Serikali ilimutuma Yambuku, kule Équateur, ambako watu walikuwa wanakufa bila kujua sababu. Alichukua damu ya wagonjwa mikono mitupu, bila gants, kiisha akanawa na sabuni. Kisha akarudi Kinshasa pamoja na mtawa mugonjwa, na damu ya yule mtawa ikapelekwa Antwerpen. Mlipuko ule ulipata watu 318, wakafa 280.

Mwezi wa tatu 1977 gazeti la udaktari The Lancet la Uingereza lilitoa makala tatu juu ya virusi hivyo vipya. Kati ya waandishi, jina la Muyembe halimo. Kwa muda mrefu ukiuliza nani aligundua Ebola, ulijibiwa kwanza Peter Piot, Mubelgiji aliyekuwa katika maabara ya Antwerpen.

Mutu atasema: jina kwenye karatasi ni kitu gani? Ni kitu kikubwa. Anayeandikwa ndiye anaitwa Geneva kushauri, ndiye anapewa feza za utafiti unaofuata, na mwishoni ndiye anaamua ni swali gani litaulizwa kesho. Asiyeandikwa anabaki mubeba chupa za damu.

Muyembe hakuondoka nchini. Kikwit, mwaka wa 1995, yeye na wenzake waliongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 wakaishi. Wenye elimu wa inje walisema hesabu ni ndogo mno, na kusema kweli, 8 ni kidogo. Lakini kutoka kwa mutu mumoja aliyepona Kikwit ndiko ilipatikana kingamwili ya dawa mAb114. Ilijaribiwa huku mashariki tangu mwezi wa 11, 2018, pamoja na dawa zingine tatu, kwa wagonjwa 681. Makala ilitoka 2019 katika gazeti la Marekani, New England Journal of Medicine. Jina la kwanza lilikuwa la Mukongomani, Sabue Mulangu wa INRB, na Muyembe alikuwa ndani. Mwaka ule ule akaamua kwamba damu inayochukuliwa Kongo itunzwe Kongo.

Furaha ile isitupofushe. Dawa yenyewe, Ebanga, ilipata kibali Marekani mwezi wa 12, 2020, na anayeimiliki ni kampuni ya kule.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 2015 PLOS Medicine ilitoa makala juu ya kipindupindu cha Uvira. Watafiti wa London na Wakongomani waliangalia siku ambazo maji ya Regideso yalikatika, wakazilinganisha na wagonjwa walioingia kituo cha matibabu. Siku moja bila maji kwenye robine, na katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaoshukiwa wanaongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na siku maji yanapotoka vizuri. Ni kupita mara mbili na nusu!

Mama wa Kalundu au Mulongwe anayebeba bidoni kutoka ziwani alikuwa analijua hilo bila hesabu. Lakini hesabu ndiyo inasikilizwa ofisini. Hapa majina ya Wakongomani yamo kati ya waandishi, tofauti na 1977, na mutu yeyote anaweza kuisoma bure kwenye intaneti. Tatizo linalobaki: iko kwa Kingereza. Zoni ya afya na wenye maji wangeweza kuitoa katika ukurasa mumoja wa Kiswahili, ubandikwe kwenye robine za mitaa, ili siku maji yakikatika, chefu wa mutaa apige simu Regideso akiwa na hesabu mukononi.