UTU UFUNDISHWE WODINI



Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, chama kimoja kilipoteza ukiritimba wake. Lakini tabia ya mamlaka kutotaka kuulizwa haikufutwa siku hiyo. Imebaki hasa pale mwananchi anapokuwa mnyonge kuliko kwingine kote, nako ni kitandani hospitalini.

Agosti 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya serikali mjini Bungoma kwa kukosa kitanda. Badala ya kuinuliwa, alitukanwa na kupigwa kofi. Tarehe 22 Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma aliamua kwamba hadhi yake ya utu ilivunjwa, akaagiza alipwe shilingi 2,500,000 na kuombwa radhi. Hukumu hiyo haikuwagusa wauguzi peke yao. Serikali ya taifa na ile ya kaunti pia zilionekana kushindwa kutoa vifaa na kusimamia viwango vya huduma.

Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja heshima ya utu, usawa, uadilifu na uwajibikaji kuwa maadili ya taifa, nacho kinamfunga kila ofisa wa umma. Muuguzi wa hospitali ya serikali ni mmoja wao. Waziri aliye juu yake naye ni mmoja wao.

Je, maadili haya hufundishwa wapi? Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kuyakariri darasani akafaulu mtihani. Lakini akiona wodini mgonjwa akifokewa, na wakubwa wakinyamaza, hilo ndilo somo atakaloondoka nalo. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, hukumu ya Bungoma isomwe na kujadiliwa na kila mwanafunzi wa uuguzi, Bungoma, Kitale na kote nchini. Pili, mwanafunzi anayeripoti ukatili alindwe, asije akaadhibiwa kwa alama za mafunzo yake. Tatu, kaunti zitangaze hadharani vitanda, dawa na wauguzi walioko katika kila hospitali.

Wako watakaosema kwamba wauguzi wamechoka. Ni kweli, mgomo wao wa 2017 ulidumu takriban miezi mitano. Utu wa mgonjwa hauwezi kusimama juu ya mgongo wa muuguzi aliyedhulumiwa. Hata hivyo, uchache wa vitanda haumlazimishi mtu kuinua mkono.

Hospitali ya rufaa na mafunzo ya Kitale imepewa jina la marehemu Michael Wamalwa Kijana, aliyeiongoza FORD-Kenya baada ya Jaramogi Oginga Odinga kufariki mwaka 1994. Jina hilo ni deni. Viongozi wa makanisa waliokemea kura ya mlolongo ya 1988 walitufundisha kutonyamaza mbele ya wenye nguvu. Basi tusinyamaze mlangoni mwa wodi. Tuingie, tuulize, na tudai majibu.