Swali la kitambaa
Dada yangu wa Kimuka, umemaliza chuo, kila wiki matatu hadi Ngong na bahasha ya vyeti mkononi, halafu kwenye intavyuu unaulizwa: "Hicho kitambaa utakivua ukiwa kazini?"

Kazi ni ngumu kwa kila mtu siku hizi, na si kila "tutakupigia" ni ubaguzi. Lakini swali hilo liandike siku hiyo hiyo: tarehe, ofisi, nani aliuliza. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inaenda mbali zaidi: kesi ikifika kortini, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wengi hawalijui hili, hata mabosi wenyewe.

Karatasi hiyo usiitupe. Tuletee.