Wazo la Biashara Litoke Wapi?

Wengi wetu akina mama hapa Karagwe na Kyerwa tukipata mtaji kidogo hukimbilia kufungua genge la nyanya, kwa kuwa jirani analo. Sasa tutamuuzia nani? Tutazame kwanza kile kinachotutoka kwa bei ya kutupa. Mkungu wa ndizi tunamwachia mchuuzi, naye ndiye anayepanga bei. Kahawa nayo, kwa ule mtindo wa butura, huuzwa ingali maua! (Na fedha yake mama huionja mara chache.) Mbona tusikaushe ndizi, tukasaga unga wa uji? Au tukakaanga senene wa Novemba? Tuanze na mkungu mmoja, tuone kama wanunuzi watarudi, na tuandike kila shilingi, hata ya kuni.