Mimi Mkristo, na Mkono Wangu Je?

Nimeomba nafasi ndogo katika jarida letu la mwaka huu ili nitoe maoni yangu juu ya swali ambalo husikika bwenini kila mara baada ya taa kuzimwa. Swali lenyewe ni hili: Mkristo akitenda dhambi, akatubu, kisha akairudia tena, je, bado ni Mkristo au amebaki na jina tu?

Wako wasemao ati mtu wa namna hiyo ni mnafiki, basi. Wako na wengine wasemao kwamba sisi sote ni binadamu, kwa hivyo tusisumbuane. Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili, na nitaeleza sababu zangu. Lakini kabla sijafika huko yafaa niseme wazi kwamba siandiki kama hakimu. Naandika kama mshtakiwa.

Nilipokuwa kidato cha pili, nilimwibia jirani yangu wa kitanda shilingi 300. Zilikuwa nauli yake ya kwenda nyumbani wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula. Alizikunja akazitia ndani ya soksi, na soksi akaificha sandukuni chini ya nguo. Siku hiyo sanduku lilikuwa wazi, bweni lilikuwa tupu, nami nilikuwa nimerudi mbio kuchukua kitabu cha Hesabu. Sikuwa na njaa. Mama alinipa pesa za matumizi muhula ulipoanza, ila nilikuwa nimezimaliza kwa mandazi na soda. Nilizichukua kwa sababu zilikuwa pale na hapakuwa na mtu wa kuniona. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasoma somo la kwanza, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niandike makala hii. Pesa zilipotafutwa, hakuna aliyenitazama mimi. Nani angenishuku? Mimi nilikuwa mwanakwaya, msomaji wa Misa, mtu wa rozari shingoni. Macho yote yalimwangukia msichana mmoja ambaye watu wa nyumbani kwao ni waumini wa Legio Maria. "Hao wana mambo yao," mmoja wetu akanong'ona. Sanduku lake likapekuliwa mara mbili. Hazikuonekana pesa, ila kanzu yake nyeupe iliyokunjwa vizuri na rozari yake. Hakuna aliyemwomba msamaha. Nami nilikuwa nimesimama pale pale nikitazama, midomo nimeifumba.

Huenda baadhi ya wasomaji, hasa wale wa kidato cha kwanza waliotoka mbali, hawafahamu mambo ya hapa kwetu. Sisi wa Asumbi tumezungukwa na Ukristo pande zote. Misheni yetu ilijengwa na mapadri wa Mill Hill, na leo kuna kanisa, shule, hospitali, chuo cha walimu na nyumba ya Masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu. Ukienda upande wa ziwa utawakuta Waadventista, ambao misheni yao ya Gendia ilianza mwaka wa 1906. Ukielekea Migori utafika Got Kwer, mlima mtakatifu wa Legio Maria. Kanisa hilo lilizaliwa miongoni mwa Wakatoliki Wajaluo mnamo 1963 likiongozwa na Simeo Ondeto, aliyefariki mwaka wa 1991. Jina lake lafanana na lile la Lejio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki kilichoanzishwa na Frank Duff mjini Dublin mwaka wa 1921 na kuletwa Afrika Mashariki na Edel Quinn mwaka wa 1936. Kwa ufupi, ukirusha jiwe hapa kwetu litampata Mkristo. Na bado sabuni huibwa bafuni!

Basi mimi na yule msichana tulishika rozari ile ile na kumwita Maria yule yule. Jina la kanisa lake likamtia hatiani bila kosa, na jina la kanisa langu likanificha na kosa langu. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: Ukristo wangu uko wapi hasa? Uko kwenye cheti cha ubatizo? Uko kwenye rozari? Au uko kwenye huu mkono ulioingia ndani ya soksi ya mwenzangu?

Kwa muda fulani nilijijibu kwamba mimi si Mkristo tena. Nilikosea. Kanisa langu halifundishi kwamba ubatizo humwondolea mtu vishawishi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka wa 1992, yaeleza kwamba ubatizo huondoa dhambi, lakini ule mwelekeo wa kutenda dhambi hubaki ndani ya mtu, naye huachiwa apigane nao. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Warumi, sura ya saba, aeleza vita hivyo: lile jema alipendalo halitendi, na lile baya alichukialo ndilo alitendalo. Kama Paulo alisema hivyo, mimi wa kidato cha pili ni nani hata nishangae kwamba ninavutwa?

Hebu tumtazame pia Mwafrika mwenzetu, Mtakatifu Augustino. Alizaliwa mwaka wa 354 huko Thagaste, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Akiwa na umri wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba mapeasi ya jirani usiku. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari ni askofu wa Hippo, alikiandika kisa hicho katika kitabu chake cha Maungamo, akajichunguza kwa nini aliiba kitu asichokihitaji. Niliposimuliwa habari hiyo nilishtuka, kwa maana niliiona soksi ile mbele ya macho yangu. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba katika kitabu hicho hicho askofu huyo hasemi kwamba amekwisha kushinda. Anavitaja vishawishi ambavyo bado vilimwandama hata wakati anaandika. Lakini hakuacha kujiita Mkristo, wala hakuacha kupigana.

Sasa nirudi kwa yale makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wenye kukata watu. Mwenzao akiteleza mara moja wanasema, "Huyo amerudi nyuma," na kuanzia siku hiyo hawampi hata nafasi ya kuomba sala. Historia yetu ina funzo juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu walisimama wakaungama dhambi zao hadharani, wakarudisha mali waliyoiba na kupatana na maadui wao. Huo ulikuwa moto mzuri na matunda yake yalionekana. Hata hivyo, baadhi yao walianza kuwaona wenzao ambao hawakuungama kama wao kuwa si Wakristo kamili. Hapa kwetu Nyanza, magomvi ya aina hiyo katika Kanisa la Kianglikana yalichangia kuondoka kwa wale walioitwa Johera, yaani watu wa upendo, chini ya Matthew Ajuoga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wakawa na kanisa lao wenyewe. Yaani toba yenyewe inaweza kugeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia jirani. Nyani haoni kundule.

Kundi la pili ni la wenye kuzoea. Hawa husema, "Aa, ni udhaifu tu wa kibinadamu." Jumamosi wanaungama, Jumatatu wanarudia, na Jumamosi nyingine wanaungama tena kama mtu anayekwenda kisimani kuchota maji. Nawajua vizuri kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Baada ya majuma matatu ya kukosa usingizi, nilikwenda kwa padri nikitarajia kwamba nitapewa Salamu Maria kumi, niondoke nimekuwa mwepesi. Padri aliniuliza swali moja tu: "Pesa ziko wapi?"

Nikasema zimekwisha.

"Basi utazirudisha. Na yule anayesingiziwa, jina lake utalirudishaje?"

Swali hilo la pili sikulitazamia kabisa. Nilidhani dhambi yangu ilikuwa shilingi 300 tu, kumbe nilikuwa nimeiba vitu viwili, na cha pili kilikuwa na thamani kuliko cha kwanza. Likizo ya Aprili nilikwenda kwa Dani, nyanya yangu, nikampalilia shamba lake la njugu hadi nikazipata zile pesa. Hakuniuliza ni za nini. Alinitazama tu, akanipa jembe.

Muhula wa pili ulipofunguliwa nilifikiria kuzirudisha kimyakimya ndani ya sanduku. Lakini hivyo jina la yule msichana lingebaki na doa. Kwa hivyo usiku mmoja, kabla ya taa kuzimwa, nilisimama katikati ya bweni nikasema. Magoti yalinitetemeka kuliko siku yoyote ile. Mwenye pesa alizipokea akanyamaza. Yule msichana wa Legio Maria hakunikumbatia kama inavyokuwa katika hadithi. Aliniambia, "Ungesema wiki ile ya kwanza." Kisha akajifunika blanketi. Maneno hayo hayajanitoka hadi leo, na sidhani kama yanafaa kunitoka.

Niliadhibiwa. Nilifyeka nyasi wiki nzima, na sikusoma Misa muhula ule wote. Wengine waliniita mnafiki, nami sikuwa na la kujibu kwa sababu walisema kweli kuhusu majuma yale niliyonyamaza. Ila nawaomba wanisikilize katika jambo moja. Unafiki wangu haukuwa kule kuanguka. Unafiki ulikuwa kusimama pale sanduku la mwenzangu likipekuliwa, huku rozari iko shingoni na midomo imefungwa. Siku niliyosema niliaibika, lakini ndiyo siku niliyokaribia zaidi lile jina nililopewa nilipobatizwa.

Je, nimepona? La hasha! Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Muhula jana niliona kalamu nzuri juu ya dawati, mwenyewe hayupo, na moyo ukaniambia, "Chukua, ana nyingine." Nilitoka nje nikasimama chini ya mti hadi kengele ikalia. Huo ndio ushindi wangu, si mkubwa. Kesho huenda nikalazimika kutoka tena.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Mkristo anayeanguka bado ni Mkristo, mradi hajakubali kulala pale alipoangukia. Lakini kuinuka si maneno matupu. Kuinuka kuna mkono wa kurudisha na mdomo wa kusema kweli, hasa pale mtu mwingine anapobeba mzigo wako. Ningependa viongozi wa vyama vyetu vya dini hapa shuleni wayafikirie mambo matatu. Kwanza, mwanachama akiteleza asifukuzwe, bali apewe mtu wa kutembea naye. Pili, tusimshuku wala kumtetea mtu kwa kutazama kanisa analosali. Tatu, mtu akisingiziwa na baadaye ikajulikana kwamba hana hatia, waliomsingizia wamwombe msamaha mbele ya wale wale waliosikia akisingiziwa.

Hilo la tatu bado hatujalifanya. Yule dada yuko nasi, sasa ni kidato cha nne kama mimi, na wale waliopekua sanduku lake wanajijua. Mimi nimeshasema langu. Mwaka wetu wa mwisho unakwisha, wenzangu, na siku za kusema zinapungua.

Wenu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne