Siku ya Nguo za Nyumbani



Juma lililopita alifika katika ofisi ya parokia mama mmoja, mwanajumuiya mwenzetu. Tulidhani amefuata cheti cha ubatizo. Kumbe alitaka kujua kama katika nguo ambazo waamini huzileta kwa ajili ya maskini limo gauni la binti wa darasa la sita. "Baba Paroko," alisema, "Ijumaa shuleni kwao ni siku ya nguo za nyumbani, na mtoto ameanza kusema tumbo linamwuma." Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Shule kadhaa huwaruhusu wanafunzi kuiacha sare kwa siku moja, ama ya kufunga muhula, ama ya kuchangisha fedha. Hatuna ugomvi na desturi hiyo. Ila kila inapokaribia, sisi watu wazima hukimbilia jambo moja tu, yaani urefu wa sketi za wasichana. Na tukikumbuka, mlegezo wa wavulana. Maonyo hayo ni ya haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2524) inakiri kwamba namna za staha hutofautiana kati ya utamaduni na utamaduni, lakini kila mahali staha huitambua hadhi ya kiroho ya mtu. Basi shule ikiagiza kwamba nguo isibane, isiangaze mwili, wala isiwe na maandishi ya matusi, mzazi na atii bila kunung'unika.

Lakini je, staha inaishia hapo? Mtume Paulo, anapowaagiza wanawake wajipambe kwa adabu (1 Tim 2:9), anataja nywele za kusuka, dhahabu, lulu na mavazi ya thamani. Urefu wa sketi hakuutaja. Naye Yakobo (2:1-4) anawakemea wale wampao kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu, huku maskini mwenye nguo chakavu wakimwacha asimame. Kwa hiyo twathubutu kusema kwamba mtoto aweza kufunikwa toka shingoni hadi miguuni, na bado vazi lake likakosa staha, kwa kuwa limenunuliwa ili wenzake wajione si kitu. Kosa hilo mara nyingi si la mtoto. Ni letu sisi tuliompeleka dukani.

Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita, ila sare bado hununuliwa na mzazi. Ni mzigo, twakubali. Hata hivyo lile shati jeupe na sketi ya bluu humketisha mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mama ntilie dawati moja, na mgeni asijue yupi ni wa nani. Siku ya nguo za nyumbani pazia hilo huinuliwa.

Wala tusiwanyoshee walimu kidole. Sisi wenyewe parokiani tumeziacha gauni za Komunyo ya Kwanza zigeuke mashindano, hata tukasikia za wazazi waliokopa. Kanzu nyeupe za namna moja, zinazotunzwa na parokia, zingetosha. Jambo hilo tutalifikisha kwenye Halmashauri ya Walei.

Kuhusu shule, tulimwendea mwalimu mkuu na kumwomba mawili: atangaze kwamba nguo safi ya kawaida, hata ya mtumba, inatosha, na kwamba atakayependa kuja na sare asiulizwe sababu. Alikubali papo hapo. Gauni lilipatikana, ila binti alichagua sare yake. Ijumaa tulipita pale saa ya mapumziko. Waliovaa sare walikuwa wengi kuliko tulivyodhani, na baadhi yao ni watoto ambao wazazi wao tunawafahamu kuwa na uwezo.